Hongera kwa wachimba mabwawa wa Uluguru

Anayechimba bwawa la samaki chini ya milima ya Uluguru huanza kwa kuuliza udongo. Huchota konzi moja, akaulowanisha, akaufinyanga tonge, akalirusha juu na kulidaka. Likisambaratika kiganjani, anahama, maana udongo huo hautashika maji. Likibaki zima, anashika jembe.

Kazi hii naiheshimu mno. Bwawa la mita 10 kwa 15, lenye kina cha mita 1, hubeba tani 150 za maji, na zote zimezuiwa na kingo za udongo ulioshindiliwa tabaka kwa tabaka. Bomba la kuingizia maji liko juu, la kutolea liko chini, na kila mdomo umefungwa wavu, kwani kambale hakosi njia ya kutoroka.

Kisha samadi. Baada ya siku kadhaa maji hugeuka kijani, na fundi huzamisha mkono. Kiganja kikipotea machoni maji yanapofika kwenye kiwiko, chakula cha perege kiko tayari. Sijaona kipimo cha dukani ninachokipenda kuliko mkono huo uliolowa.

Vifaranga huzalishwa Kituo cha Ukuzaji Viumbe Maji Kingolwira, na wataalamu hufundishwa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kilichoanzishwa 1984. Nao wanastahili pongezi. Ila hongera zangu za kwanza ni za wenye majembe, wanaoyapitisha maji ya mlimani bwawani, kisha wakayaachia yaendelee na safari yake kuelekea Mto Ngerengere. Hongereni sana.