Karatasi Kwanza, Kasa Baadaye

Sherehe ilikuwa ya mtoto wa kiume wa Al Khoudh, Maskati, aliyetimiza miaka 2 katikati ya Januari, na themu yake kasa. Upande wa mama ni watu wa Sur, jirani na fukwe za Ras al Jinz, hifadhi iliyotangazwa mwaka 1996, ambako kasa hupanda pwani usiku kuchimba mashimo na kutaga. Kadi za mwaliko zilitengenezwa nyumbani, juu ya meza ya kulia: manila ya rangi ya mchanga, wino mweusi mtupu, mkunjo mmoja, na gamba la kasa lililogongwa kwa muhuri wa mbatata. Nilikuwepo nikisaidia kukata. Zilitoka nzuri kuliko nyingi za kununua, na sehemu kubwa ya urahisi wake ilipatikana kabla kasa hajachorwa. Ndiyo maana naona inafaa kuzichambua.

Mwaka wa kwanza haukuhitaji kadi. Mtoto alifanyiwa hol hol kama watoto wengi wa Omani: akavishwa dishdasha na kofia, akaketishwa katikati ya mkeka, akamwagiwa bisi na peremende kichwani, na watoto wa mtaa wakagombania. Kwa shughuli ya namna hiyo mtu hupiga simu mbili tatu, na majirani wakisikia watoto wanakimbilia nyumba fulani wanajua kuna nini. Mwaka wa pili hauna desturi yake. Hapo ndipo wazazi wa siku hizi wanapoingiza themu, na themu ikishaingia inadai kadi.

Wengi huanzia kwenye picha. Mzazi anaipata kwenye simu, kasa anaogelea katika bahari ya buluu iliyojaza ukurasa mzima, kisha anatafuta namna ya kuichapa. Gharama inaanzia kwenye hiyo bahari. Kwa desturi, uwezo wa katriji huhesabiwa kwa ukurasa wa maandishi ambao wino wake unafunika karibu asilimia 5 tu ya karatasi. Ukurasa uliojaa rangi kutoka pembe hadi pembe unaweza basi kula wino wa kurasa 20 za maandishi. Juu ya hapo, printa nyingi za nyumbani haziwezi kuchapa mpaka ukingoni, kwa hiyo bahari inazungukwa na utepe mweupe ambao lazima ukatwe, na kila kadi ikikatwa kwa mkono inakosa kulingana na mwenzake.

Mama wa Al Khoudh aliigeuza kazi. Aliuliza kwanza karatasi moja ya A4 inatoa nini, ndipo akamtafutia kasa nafasi ndani yake. A4 ina milimita 210 kwa 297. Ukiikata katikati ya urefu unapata vipande viwili vya A5, na kila kipande ukikikunja katikati unapata kadi yenye upana wa milimita 148 na kimo cha 105. Karatasi moja, kadi mbili, bila kipande cha kutupa. Kaya zilizoalikwa zilikuwa 28, kwa hiyo karatasi 14. Nasema kaya, kwa sababu hapa ndipo watu wengine wanapopoteza fedha bila kujua: wanahesabu wageni. Nyumba yenye mama, baba na watoto wanne inahitaji kadi moja, iliyoandikwa jina la yule mtoto mdogo ambaye ndiye rafiki wa mwenye sherehe. Yeye ataishika, ataivuta, ataiweka mdomoni, na wakubwa wote watajua kwamba nao wamealikwa.

Mkato huo una faida nyingine isiyoonekana. Karatasi ya kiwandani ina nyuzi, na nyuzi hizo hulala upande mmoja, ule ambao mashine ilikuwa ikiivuta. Ukikunja kufuata nyuzi, mkunjo unakuwa mnyoofu. Ukikunja kwa kuzikata, manila inapasuka mgongoni na kuonyesha vinyweleo vyeupe. Karatasi nyingi za A4 nyuzi zake hulala kwa urefu, na ukikata na kukunja kama nilivyoeleza, mkunjo unaangukia upande huohuo wa nyuzi. Asiyeamini achukue karatasi aipinde taratibu bila kuivunja, kwanza kwa urefu, kisha kwa upana. Upande unaotii kwa urahisi ndio wa nyuzi.

Uzito uliochaguliwa ni gramu 160 kwa mita ya mraba. Karatasi ya kawaida ya fotokopi, ya gramu 80, haisimami mezani, na kadi isiyosimama huishia chini ya rundo la magazeti. Nzito kuliko 200 mara nyingi hukwama ndani ya printa ya nyumbani. Kabla ya kukunja, kila kadi ilipigwa mstari kwa kalamu ya bolipeni iliyokwisha wino, ikiburutwa kando ya rula. Ncha yake inabonyeza karatasi bila kuikata, na mkunjo unajua pa kwenda.

Mkunjo uliwekwa juu, na naona huu ndio uamuzi wa busara kuliko yote. Kadi ya kawaida ya Kiswahili au Kiingereza hufunguliwa kwa kushika ukingo wa kulia. Ya Kiarabu hufunguliwa kinyume chake, mgongo ukiwa kulia. Nyumba za Maskati za watu wenye asili ya Zanzibar zina wageni wa pande zote: mashangazi wanaosoma Kiswahili, mawifi na mashemeji wanaosoma Kiarabu tu, jirani Mhindi, mwalimu wa nasari. Ukichagua upande mmoja, nusu ya wageni wanafungua kadi kwa nyuma. Ukiweka mgongo juu, kila mtu anainua kifuniko kutoka chini, na ndani Kiarabu kinakaa kulia, Kiswahili kushoto, kila kimoja kikianzia ukingoni kwake na kuelekea katikati. Na kwa kuwa kifuniko kinainuka juu, gamba la kasa liligongwa hapohapo juu yake, likawa linafunuliwa, na chini yake kuna mayai matatu yamechorwa kwa kalamu nyeusi. Ubunifu huo ulizaliwa na karatasi yenyewe. Angeanza na picha ya kwenye simu asingeufikia.

Sasa muhuri. Mbatata ya mviringo wa yai hukatwa kwa pigo moja la kisu kikubwa, bila kusaga mbele na nyuma, maana msumeno huacha mawimbi na mawimbi hayagusi karatasi. Upande uliokatwa hutoa maji ya wanga, nayo huifanya rangi kuwa nyepesi na kuteleza. Hukaushwa kwa karatasi ya jikoni, huachwa kidogo, hukaushwa tena. Ndipo ncha ya kisu kidogo inapochonga mistari ya gamba, kina cha karibu nusu sentimita ili rangi isizibe. Kasa wa kijani ana vigamba vikubwa vitano katikati ya mgongo na vinne kila ubavu. Mama alivichonga vyote. Mtoto wa miaka 2 hatavihesabu, lakini babu wa Sur aliviona mara moja akatabasamu, na gamba lenye mpangilio wa kweli linavutia jicho hata kwa asiyejua sababu. Rangi haikupakwa kwa brashi. Ilimwagwa juu ya kipande cha sponji kilicholala kwenye sahani, na mbatata ikagongwa juu ya sponji kwanza, kisha juu ya kadi. Sponji hutoa kiasi kilekile kila mara. Brashi huacha madimbwi.

Miguu minne na kichwa ni alama za kidole gumba cha mtoto mwenyewe, zilizowekwa pembeni mwa gamba. Kwa mtoto wa umri huo kazi hii ni ya kadi tano au sita kwa mkao mmoja, baada ya hapo kidole kinakwenda ukutani. Kwa hiyo ilifanywa kidogo kidogo, na mbatata ikifungwa kwa plastiki na kuwekwa kwenye friji mpaka kesho yake, kisha ikachongwa nyingine. Rangi iliyotumika ni ya maji, ile ya watoto inayooshwa kwa sabuni. Wapo wanaochanganya unga wa ngano na rangi ya chakula. Ni salama, lakini juu ya manila hukauka, hupasuka na kudondoka, na sisimizi wanaipenda.

Kitu kilichokataliwa mapema ni macho ya plastiki ya kubandika, shanga na vimetameta. Vinauzwa kwa bei ndogo kwenye maduka mengi ya hapa na vinapendeza kwenye picha, lakini kadi hii inakwenda mikononi mwa watoto wa mwaka mmoja, miwili, mitatu. Viwango vya vitu vya kuchezea vya Marekani na Ulaya hutumia kikopo cha kupimia chenye kipenyo cha milimita 31.7: sehemu inayoingia humo nzima nzima haifai kwa mtoto wa chini ya miaka 3, kwa kuwa inaweza kumkaba. Jicho la plastiki linaingia humo mara kadhaa. Kwenye suala hili sina mjadala. Macho ya kasa yachorwe kwa kalamu.

Maandishi yalikuwa machache, na saa ndiyo iliyosumbua. Kwa bibi wa nyumba ile sherehe ni saa 10 jioni. Mwalimu wa nasari akisoma 10 atajiuliza nani anaalika watoto wachanga usiku. Ndani ya kadi waliandika Ijumaa, baada ya Alasiri, 4:00, hadi Magharibi. Tarakimu ni kwa anayefuata saa ya ukutani, sala ni kwa wote wengine, na Magharibi inasema mwisho wa sherehe kwa adabu bila kumwambia mgeni aondoke. Katikati ya Januari jua la Maskati huzama kabla ya saa 12 jioni, kwa hiyo muda ulikuwa chini ya saa mbili, kiasi kinachomtosha mtoto aliyeamka usingizini mchana.

Nyuma ya kadi iliwekwa ramani kwa njia ya msimbo wa QR, maana nyumba za Al Khoudh nyeupe na za rangi ya mchanga zinafanana, na mgeni hatafuti namba ya njia, anataka lokesheni. Msimbo wa QR, uliobuniwa Japani mwaka 1994, huweza kusomeka hata sehemu yake ikiharibika: katika kiwango cha juu kabisa cha kujirekebisha, hustahimili uharibifu wa karibu asilimia 30. Hilo ni jambo la maana kwenye kadi itakayotafunwa. Ila kiwango hicho hufanya vimraba kuwa vingi na vidogo, kwa hiyo anwani ifupishwe kwanza. Msimbo ulichapwa kwa upana wa sentimita 2 na nusu, mweusi juu ya mchanga, ukiachiwa nafasi tupu pande zote. Mtu anayependa manila ya kijani iliyokolea auweke juu ya kipande cheupe, vinginevyo simu za zamani hazitausoma.

Bahasha hazikununuliwa. Kwa kawaida barua za hapa hufikia sanduku la posta, na kadi zote zilikabidhiwa mkono kwa mkono: nasari, kwenye arusi ya wiki ile, dukani. Waliokuwa Nizwa na Ibra walipigiwa picha ya kadi karibu na dirisha, bila taa ya simu, wakatumiwa kwa WhatsApp.

Mabibi na mababu hawakupewa kadi kama mwaliko. Mama alikwenda mwenyewe na mtoto, akaamkia, akakaa, akanywa kahawa na tende, akasema neno lake. Kadi ilitolewa mwishoni kama zawadi ya mjukuu. Kumtumia bibi karatasi peke yake ni kumfanya mgeni katika nyumba ya mwanawe, na gharama ndogo ya kadi haihalalishi hilo.

Karatasi zilizochapwa zilikuwa 16, siyo 14. Kadi nne za ziada zilibaki bila jina kwenye droo ya jikoni. Mbili zilikwenda kwa kaya zilizosahauliwa, mojawapo ikiwa ya jirani wa ukuta mmoja. Moja ikaharibika. Ya nne imebandikwa mlangoni mwa friji kwa sumaku, na mwenye sherehe anainua gamba kila anapopita kutazama kama mayai bado yapo.