Uso wa Meza Usiopinda

Seremala anayeunda meza ya kulia ya mbao halisi inayorefushwa, yaani meza ambayo uso wake ni nusu mbili zinazovutwa ili kipande cha nyongeza kiingie katikati, anastahili heshima ambayo walaji hawaikumbuki, kwa kuwa kazi yake ikifaulu haionekani. Ubao, hata wa mninga unaosifiwa kwa utulivu wake, hunyonya na kutoa unyevu wa hewa, ukitanuka na kusinyaa kwa upana huku urefu ukibaki karibu vilevile. Hivyo meza iliyoundwa Dar es Salaam na kupelekwa kwenye hewa kavu ya Dodoma itasinyaa, na ikizuiwa itapasuka.

Fundi hujihami mapema. Hupanga mbao zikauke huku vijiti vikizitenganisha ili hewa ipite, na akishaziunganisha kwa gundi huchungulia juu ya fito mbili zilizonyooka, moja kila mwisho, akitafuta msokoto mdogo kabisa. Chini ya kila nusu huweka mataruma, yaani mbao zinazokingama nyuzi, ambayo hayagandishi kwa gundi bali huyafunga kwa skrubu zilizopita katika matundu marefu, ili uso ubanwe lakini uweze kujongea. Vanishi huipaka hata upande wa chini, ambao hakuna mgeni atakayeuona, kwa sababu upande usiopakwa hunyonya unyevu upesi na kuupinda ubao. Kipande cha nyongeza ndicho kigumu kuliko vyote: hukaa kabatini miezi mingi, kisha siku ya karamu hutakiwa kulingana na nusu zote mbili, sahani iteleze juu ya maungo bila kugota.