Dhahabu ya Msahafu Inamtumikia Nani?

Kila sifa njema ni ya Allah, Mola wa walimwengu. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Sahaba zake. Ama baad.

Ndugu msomaji, mwanafunzi wangu mmoja alinijia na picha ya ukurasa wa msahafu wa kale: herufi za dhahabu juu ya ngozi iliyotiwa rangi ya nili. Akauliza, "Maalim, hii ni sura gani?" Nilichukua muda kumjibu, nami nimefundisha Kiarabu kwa miaka mingi. Akaongeza, "Na dhahabu yote hii si israfu?" Kule kuchelewa kwangu katika swali la kwanza ndiko kulikonifungulia njia ya kulijibu la pili.

Ukurasa ule ni wa msahafu unaojulikana kama Msahafu wa Buluu. Wataalamu wengi wanaunasibisha na karne ya tatu au ya nne Hijria, na sehemu yake kubwa imehifadhiwa Tunisia, ingawa mahali ulipoandikwa pana khitilafu. Hati yake ni Kufi, mistari 15 kila ukurasa. Hauna irabu. Herufi zimevutwa ili mistari ilingane, na mara nyingine neno hukatwa mwisho wa mstari likamaliziwa mstari wa pili. Alama za aya zilitiwa kwa fedha, ambayo sasa imefifia.

Tuanze na hukumu ya dhahabu. Katika madhhab yetu ya Shafi, kauli iliyo sahihi zaidi ni kuwa yafaa kuupamba msahafu kwa fedha, na kwa dhahabu ukiwa wa mwanamke. Ama kuandika kwa dhahabu, Imam al-Ghazali (aliyefariki 505 Hijria) amenukuliwa akilisifu jambo hilo bila kutofautisha mwanamume na mwanamke. Mahanafi nao hawaoni ubaya katika kuupamba msahafu kwa nia ya kuutukuza. Basi haitoshi kuikemea dhahabu kwa kuwa ni dhahabu.

Lakini Imam an-Nawawi (aliyefariki 676 Hijria), katika kitabu chake at-Tibyan, amesisitiza jambo jingine: inapendeza msahafu uandikwe vizuri na kwa uwazi, utiwe nukta na irabu, kwani hizo humkinga msomaji na makosa. Na imepokewa kutoka kwa Imam Malik kuwa hakupenda nukta zitiwe katika misahafu mikuu, lakini hakuona ubaya katika misahafu wanayojifunzia watoto. Tazama namna Imam alivyozingatia nani atakayesoma.

Kwa mizani hiyo nautazama msahafu wa pili, ulioandikwa Baghdad mwaka 391 Hijria (1000-1001 Miladia) na Ali bin Hilal, maarufu Ibn al-Bawwab. Leo umo katika maktaba ya Chester Beatty mjini Dublin. Ni mdogo, urefu wake hautimii sentimita 20, na umeandikwa juu ya karatasi kwa hati ya Naskh, irabu zote zikiwemo. Ibn al-Bawwab aliiendeleza kanuni ya Ibn Muqla (aliyefariki 328 Hijria) ya kupima herufi kwa nukta ya kalamu, na ndiyo maana jicho halichoki.

Nao una dhahabu! Lakini dhahabu yake ina kazi: vichwa vya sura, alama za aya tano na kumi, na pambo la pambizoni linalomjulisha msomaji kuwa hapa pana sijda ya tilawa. Hata kurasa za mwanzo, zilizonakshiwa sana, baadhi yake zina hesabu ya sura, aya, maneno na herufi. Hesabu hiyo ni ulinzi wa Kitabu.

Mtu atasema nawadhulumu watu wa Kufi, kwani wasomaji wao wengi walikuwa mahafidhi, na msahafu uliwakumbusha tu walichokihifadhi. Ni kweli, na haiba ya ukurasa ule wa nili siikatai. Lakini asiyehifadhi huishia kuutazama tu. Ibn al-Bawwab amemheshimu Mwenye Maneno na pia amemhurumia msomaji. Kwa rai yangu, huyo ndiye aliyefika mbali zaidi katika kuutukuza msahafu.

Maimamu wenzangu, tunaletewa misahafu ya waqfu yenye majalada ya dhahabu na herufi nyembamba, ambayo mzee mwenye macho dhaifu huifungua na kuirudisha rafuni. Kabla ya kuusifu msahafu, tumpe mzee huyo na mtoto wa madrasa wasome ukurasa mmoja. Wakisoma bila kukwama, pambo lake ni kheri juu ya kheri. Wakishindwa, tumwambie mtoaji kwa upole kuwa thawabu anayoitafuta imo katika kusomwa.

Wallahu aalam, wabillahi tawfiq.