Ugomvi juu ya Nagona

Vipo vitabu ambavyo watu huvisoma, wakavisifu kwa sauti moja, kisha wakavisahau. Na vipo vingine ambavyo, kila vinapotajwa mbele ya wasomaji wawili, ugomvi huzuka. Nagona, riwaya fupi ya Euphrase Kezilahabi iliyochapishwa Dar es Salaam mwaka 1990, ni ya aina ya pili. Hapa Nakuru, na katika shule za kutoka Njoro mpaka Gilgil, nimewasikia walimu na wanafunzi wakiigombania kwa juhudi ambayo sijaiona katika kitabu kingine cha lugha yetu. Mmoja huapa kwamba hapajaandikwa riwaya kubwa kuliko hiyo kwa Kiswahili. Mwenziwe hujibu kwamba aliifunga katika ukurasa wa kumi, na hana nia ya kuifungua tena. Nataka, ewe msomaji, tuutazame ugomvi huu pamoja, kwa sababu naona kwamba watu wa pande zote mbili hugombana juu ya jambo ambalo hakuna hata mmoja wao anayelitaja.

Yafaa kwanza ujue habari za kitabu chenyewe, kama hujakisoma. Msimulizi, ambaye hatuambiwi jina lake, anaingia katika mji uliotawaliwa na kimya. Kimya hicho si cha mji uliolala, maana mji uliolala utaamka. Ni cha mji ulioacha kusema. Kutoka hapo anachukuliwa toka ajabu moja mpaka nyingine. Kuna watu wanaohesabiwa kuwa ni wendawazimu, na huenda ndio wenye akili. Kuna bonde ambamo wanafalsafa waliokufa zamani, akina Plato na Hegel na Nietzsche, wanatokea kana kwamba kifo kwao ni kubadili makazi tu. Kuna paa aitwaye Nagona, aonekanaye na kutoweka kama nuru. Kuna ngoma kuu inayongojwa, na habari za mkombozi wa pili. Wakati katika kitabu hiki hauendi mbele kama uendavyo katika hadithi nyingine, bali huzunguka duara, na msomaji huzunguka nao.

Wanaokikataa wana hoja ambazo si za kupuuzwa. Kezilahabi, aliyezaliwa Namagondo katika kisiwa cha Ukerewe mwaka 1944 na kufariki mwaka 2020, alikuwa amekwisha kujipatia jina kwa riwaya za namna nyingine kabisa. Katika Rosa Mistika ya mwaka 1971 twamwona baba mlevi na mkali, na binti anayeharibikiwa mara atokapo chini ya ukali huo. Kitabu hicho kilipigwa marufuku katika shule za Tanzania, walakini hakuna aliyelalamika kwamba hakieleweki. Shida ilikuwa kwamba kilieleweka mno. Gamba la Nyoka, ya mwaka 1979, yasimulia vijiji na siasa ya ujamaa, na mkulima yeyote aweza kuwatambua watu wake. Basi msomaji aliyemzoea mwandishi huyo, alipokutana na Nagona, alikuwa kama abiria aliyepanda gari Nakuru akijua kwamba atashuka Naivasha, kisha akateremshwa usiku mahali pasipo na taa wala jina. Hasira yake ni ya haki. Nauli alilipa.

Lipo lalamiko jingine, nalo ni la dini, na sipendi kulipita mbio, kwa kuwa wengi hulitaja kwa sauti ya chini. Mwandishi alisoma katika seminari ya Nyegezi, karibu na Mwanza, na kwa hiyo alijua uzito wa vitu alivyovishika. Maneno kama mkombozi wa pili si mepesi katika nyumba ya Mkristo. Namjua mwalimu mmoja, mama mwenye busara na msomaji hodari, aliyeanza kukisoma kitabu hiki jioni moja. Aliniambia kwamba kabla ya kulala alikitoa chumbani, akakiweka jikoni, juu ya kabati la vyombo. Nilipomwuliza ni ukurasa gani uliomchukiza, alijibu kwamba hakuna ukurasa uliomchukiza. Hakutaka tu kulala na kile kimya.

Sasa wasikilize wanaokisifu. Aghalabu hao ni watu waliopata elimu ya juu, nao huja na funguo. Wasema mji ulio kimya ni Afrika iliyonyang'anywa fikira zake; paa ni ukweli usiokamatika; wendawazimu ni wasomi wanaokataa uongo; ngoma kuu ni mapinduzi ya mawazo. Kila kitu hupewa kibandiko chake, kama bidhaa zinavyopangwa dukani na bei zake. Wakimaliza, hujiegemeza nyuma, na kitabu kimekuwa kitulivu. Hakuna tena cha kumtisha mtu. Ndipo ninapojiuliza: ikiwa Kezilahabi alitaka kusema kwamba ukweli haukamatiki, mbona hakuandika insha ya kurasa mbili, akatuondolea taabu?

Yule mama wa kabati la vyombo hana tahakiki, wala hakufika mwisho wa kitabu. Hata hivyo naona kwamba yeye amekisoma vizuri kuliko wenye funguo. Kitu kilitoka katika kurasa zile kikamfikia. Wao wamekielewa kitabu kwa namna ambayo kitabu hakiwezi tena kuwafikia.

Sababu ya tofauti hii, kwa maoni yangu, ni malezi yetu ya kusoma. Hadithi nyingi za kutisha tulizolelewa nazo katika Kiswahili huahidi kwamba mwishoni taa itawashwa. Chukua Mzimu wa Watu wa Kale wa Muhammed Said Abdulla, hadithi iliyoshinda katika shindano la uandishi la Afrika Mashariki la mwaka 1957 na 1958, ikachapishwa mwaka 1960. Maiti yaonekana penye mzimu, huko Unguja, na watu wako tayari kuamini kwamba mizimu imeua. Ndipo anapokuja Bwana Msa na kiko chake, akauliza maswali, akapima, akafikiri. Na mwishowe twaona kwamba muuaji ni mwanadamu mwenye sababu za kibinadamu. Naipenda hadithi hiyo, na mwanafunzi asiyeijua amekosa furaha kubwa. Lakini tazama inavyotufundisha: hofu ni ujinga wa muda, na mwenye akili ataiondoa kabla ya ukurasa wa mwisho. Msomaji wa Bwana Msa akiingia katika mji wa Nagona hungoja mtu mwenye kiko. Haji.

Hofu isiyoondolewa ina waandishi wake duniani, na mashuhuri mmoja alikuwa Mmarekani H. P. Lovecraft, aliyeishi tangu mwaka 1890 hata 1937. Fikira yake kuu ilikuwa kwamba jambo la kutisha kuliko yote si pepo anayetuchukia, kwa sababu mwenye kutuchukia walau anatujali. La kutisha ni kwamba ulimwengu ni mkubwa kupita kiasi na hauna habari nasi. Katika kitabu chake cha mwaka 1936 kijana mmoja afika Innsmouth, mji mdogo wa bandari uliooza, ambao wenyeji wake wamechanganya damu na viumbe wa baharini. Mwishowe agundua kwamba yeye mwenyewe ni wa ukoo huo. Juu ya Lovecraft pia wasomaji wamegawanyika, tena kwa sababu nzito zaidi: alikuwa na dharau kubwa kwa watu weusi na kwa wageni, na hofu yake ya damu iliyochanganyika si ya samaki peke yake. Msomaji Mwafrika ana haki ya kulikumbuka hilo kila afunguapo kitabu chake. Mimi humkumbuka Lovecraft ili nione vizuri zaidi alichokifanya Kezilahabi. Katika Nagona hakuna mgeni wa kuogopwa, hakuna damu chafu, hakuna magamba. Kimya kile hakikuletwa na watu wa kabila jingine. Kipo tu, na kinamkabili kila aingiaye.

Kwa mkaaji wa Nakuru hofu ya namna hii isiwe ngeni, maana ipo juu ya mlima, upande wa kaskazini wa mji. Kasoko ya Menengai ina upana wa kilomita zipatazo 12, na kutoka ukingoni hata chini ni karibu nusu kilomita. Sakafu yake ni mawe meusi yaliyokuwa moto zamani, na vichaka, na mivuke inayopanda hapa na pale. Twayo maelezo ya aina mbili juu yake. Masimulizi yasema kwamba katika vita vya Wamaasai wenyewe kwa wenyewe, karne ya 19, mashujaa wa upande ulioshindwa walitupwa humo, na kwamba mivuke ile ni roho zao zinazotafuta njia ya kupanda. Wakikuyu nao waliuita mlima huo kwa jina la mizimu. Wahandisi kwa upande wao, walioanza kuchimba visima vya mvuke huko mwaka 2011, wasema kwamba ni maji yaliyopashwa moto na mawe ya chini sana, nao walikusudia kuyageuza kuwa umeme. Sina ugomvi na wahandisi, na taa ni bora kuliko giza. Lakini, ewe msomaji, siku moja simama ukingoni saa kumi na mbili jioni, wakati wauzaji wa vinyago wamekwisha kufunga mizigo yao. Utatambua kwamba shimo lile lilikuwapo kabla ya vita na kabla ya visima, na kwamba halikuwa likingoja maelezo ya yeyote. Hisia itakayokupata hapo, wala si tafsiri yake, ndiyo ninayoikuta katika kurasa za mwanzo za Nagona.

Baada ya hayo yote usidhani kwamba nakitetea kitabu kizima. Katika bonde la wanafalsafa kitabu chapotea njia. Asiyepata kusikia habari za Hegel huona orodha ya majina. Aliyezisikia hufurahi kwamba amewatambua, na furaha hiyo huiua hofu papo hapo, kwa kuwa hakuna aogopaye mtihani aliokwisha kuufaulu. Mji ule wa kimya ulikuwa wazi kwa kila mtu, mvuvi na profesa sawasawa. Bonde lile lina bawabu mlangoni, naye huuliza vyeti. Naamini kwamba sehemu hiyo ndiyo iliyowapa wenye funguo ujasiri wao: walipowaona Plato na wenzake wamekaa humo, walisema kumbe ni darasa, na darasani kila swali lina jibu.

Nasi walimu tumewasaidia katika hilo. Swali la mtihani hupenda kuuliza kitu fulani katika hadithi ni ishara ya nini, na mwanafunzi hujifunza upesi kwamba alama hutolewa kwa vibandiko. Mtoto akiandika kwamba sehemu fulani ilimtia hofu naye hajui kwa nini, twampigia mstari mwekundu. Mwaka mmoja kijana wa kidato cha tatu aliandika, juu ya mji ule, kwamba alijiona kama mtu aliyepiga hodi mpaka akasahau alikuwa anamtafuta nani. Sentensi hiyo haina jibu la mtihani ndani yake. Sijaona maelezo yaliyo bora kuliko hayo.

Mzingile, kilichotoka mwaka 1991, huhesabiwa kuwa ndugu wa Nagona, na waliokasirishwa na cha kwanza huniambia kwamba hicho walikivumilia. Nadhani najua sababu. Humo pia dunia huwa tupu, ila utupu wake una chanzo tunachokijua, nacho ni silaha zilizotengenezwa na wanadamu. Na hofu yenye chanzo, hata iwe kubwa namna gani, ina mtu wa kulaumiwa. Nimemwazima yule mama nakala yangu. Ameipokea kwa shukrani, akasema ataisoma mchana.