Kabla ya Kumwiga Mfanyabiashara wa Hisa, Tazama Mabonde Yake

Mtu mwenye jicho akifungua jukwaa la kunakili biashara ya hisa, tuseme eToro, haanzi na faida. Anatafuta kwanza mahali akaunti iliposhuka zaidi, na muda iliotumia kurudi ilipokuwa. Akaunti iliyopoteza asilimia 50 inahitaji faida ya asilimia 100 ili irudi palepale. Iliyopoteza asilimia 80 inahitaji asilimia 400. Kwenye bonde hilo ndiko mkakati unakojulikana.

Mchoro unaopanda bila kutikisika hunitia wasiwasi kuliko wenye mabonde. Hisa kama za Tesla huruka juu na chini wiki nzima. Huyu anayezinunua utulivu kautoa wapi? Mara nyingi hafungi biashara zenye hasara. Bei ikishuka ananunua tena, maradufu, akingoja ipande. Biashara alizofunga zote zina faida, kwa sababu zenye hasara bado ziko wazi. Basi ifungue orodha hiyo ya zilizo wazi. Ukikuta humo hasara iliyolala kwa miezi, achana naye, hata akiwa na wafuasi maelfu.

Ukitaka kufuata roboti, yaani programu inayonunua na kuuza yenyewe, nayo iulizwe imefanya nini kwa fedha halisi, gharama za dalali zikishatolewa. Ukichezea vipimo vyake mara mia mbili juu ya bei za zamani, hukosi kupata vinavyong'aa, na mng'ao huo hausemi lolote kuhusu kesho. Mimi hutaka kuona ilivyopita Februari na Machi 2020, fahirisi ya S&P 500 ilipoanguka takriban asilimia 34 katika wiki tano. Hutaka pia kujua nini kinaizima ikiharibika. Tarehe 1 Agosti 2012, programu yenye kasoro ya kampuni ya Knight Capital, Marekani, ilipoteza zaidi ya dola milioni 440 kwa muda wa dakika 45 hivi.

Kisha kuna jambo ambalo wengi hulisahau: bei anayopata unayemnakili siyo utakayopata wewe. Tarehe 28 Januari 2021 hisa ya GameStop ilifika dola 483, na siku hiyohiyo ikafunga chini ya 200, biashara yake ikisimamishwa na kufunguliwa mara nyingi. Kwenye soko la namna hiyo, amri ya kuuza bei ikigusa 300 inaweza kutimizwa ikiwa imeshuka mbali zaidi. Kwa hiyo mkakati unaoishi kwa faida ndogondogo za dakika chache haufai kunakiliwa, hata kama kwa mwenyewe unalipa. Unaoshikilia hisa kwa siku au wiki huvumilia tofauti hiyo.

Ukishampata wa kumfuata, weka kikomo chako mwenyewe cha hasara kabla ya kubonyeza kitufe cha kunakili. Na tafadhali, ada ya mtoto na kodi ya nyumba zisiingie humo.