Tamiflu: hadithi tunayoikatisha katikati

Kama umesoma biokemia au famasia, slaidi hii unaijua. Kushoto kuna kirusi cha influenza, mpira wenye miiba. Katikati kuna protini iliyochorwa kwa utepe wa rangi, na ndani yake kuna kishimo. Kulia kuna molekuli ndogo iliyokaa kwenye kishimo kile kama ufunguo kwenye kufuli. Mhadhiri anasema, "Hivi ndivyo Tamiflu ilivyobuniwa," kisha anaenda slaidi inayofuata. Nami niliinakili hivyohivyo, nikaiandika kwenye mtihani, nikapata alama zangu.

Slaidi si ya uongo. Shida yangu ni kwamba inaishia pale ambapo mgonjwa ndiyo kwanza anameza kidonge.

Tuanze kwa kuipa haki yake. Juu ya ganda la kirusi cha influenza kuna protini mbili zinazojulikana zaidi, hemaglutinini na neuraminidesi. Ndizo H na N za majina kama H1N1. Hemaglutinini hunasa asidi ya sialiki, sukari iliyopo juu ya seli za njia yetu ya hewa, na hapo kirusi kinapata mlango wa kuingia. Lakini virusi vipya vinapotoka kwenye seli vinakutana na sukari ileile, na vingebaki vimeganda palepale kama nzi kwenye asali. Neuraminidesi ni kimeng'enya kinachofanya kazi ya mkasi: kinakata ile sukari, virusi vinaachiwa, vinaenda seli ya jirani.

Mwaka 1983 watafiti wa Australia, Varghese, Laver na Colman, walichapisha umbo la neuraminidesi baada ya kupiga miale ya eksirei kwenye fuwele zake. Waligundua kwamba sehemu ya nje ya protini hii inabadilika sana kutoka kirusi kimoja hadi kingine, ila kishimo kinachokata sukari kinabaki karibu vilevile. Ni shabaha nzuri kwa mtengeneza dawa. Kutoka hapo ikazaliwa zanamiviri, ya kuvuta kwa mdomo, halafu oseltamiviri, ya kumeza, ambayo ndiyo Tamiflu. Zote mbili ziliidhinishwa Marekani mwaka 1999. Kwa kweli ni kazi ya kupendeza, na sioni aibu kusema iliniingiza kwenye fani hii.

Sasa tumrudie mgonjwa. Baada ya hofu ya mafua ya ndege, kisha mlipuko wa H1N1 wa 2009, serikali nyingi zilinunua Tamiflu za akiba. Uingereza pekee ilitumia pauni milioni 424. Sehemu ya hoja ilikuwa kwamba dawa inapunguza nimonia na kulazwa hospitali. Mwaka huohuo wa 2009 daktari wa watoto wa Japani, Keiji Hayashi, akawauliza watafiti wa Cochrane, wanaopitia ushahidi wa tiba, swali dogo tu: mlijuaje? Hitimisho lao la awali lilitegemea makala moja iliyojumlisha majaribio 10 ya mtengenezaji, na 8 kati ya hayo hayakuwa yamechapishwa kikamilifu. Yaani hakuna mtu wa nje aliyeweza kuyakagua. Ilichukua miaka ya kuvutana, hadi 2013 Roche ikatoa ripoti kamili.

Mapitio yaliyotoka 2014 yalisema hivi: kwa watu wazima, muda wa kuumwa unashuka kutoka siku 7 hadi siku 6.3. Ni kama saa 17. Ushahidi mzuri kwamba dawa inapunguza kulazwa haukuonekana, na kichefuchefu na kutapika viliongezeka. Mwaka 2017 WHO ikaiondoa kwenye orodha kuu ya dawa muhimu na kuiweka kwenye orodha ya nyongeza, kwa ajili ya wagonjwa mahututi waliolazwa.

Hapa ndipo wengine huruka upande wa pili na kusema eti Tamiflu ni utapeli mtupu. Hao nao sikubaliani nao. Ile 6.3 ni wastani wa kila aliyeingizwa kwenye majaribio akiwa na dalili, wakiwemo ambao baadaye vipimo vilionyesha hawakuwa na influenza kabisa. Uchambuzi mwingine, wa 2015, ulipowaangalia waliothibitishwa tu, nafuu ilifika kama saa 25. Na inaeleweka. Rainovirusi, vinavyotuletea sehemu kubwa ya mafua ya kila siku, havina neuraminidesi. Utaziba kishimo gani? Kwa Kiswahili chetu tumezidi kulichanganya jambo hili, maana anayepiga chafya mara tatu na anayeshindwa kuamka kitandani wote "wana mafua". Neno moja, virusi tofauti, na dawa inayofaa kwa kimoja tu.

Kuna pia wale wagonjwa waliolazwa wakati wa mlipuko wa 2009, ambapo waliopewa dawa mapema walikufa kwa uwiano mdogo zaidi. Huo ni ufuatiliaji, si jaribio la kupiga kura nani apewe dawa na nani asipewe, kwa hiyo hauzimalizi hoja. Lakini kwa mgonjwa anayezidiwa wodini nisingeutupa.

Slaidi inaficha jambo lingine tena, nalo liko kwenye kishimo chenyewe. Zanamiviri inafanana sana na sukari ya asili. Oseltamiviri ina mkia mnene, na ili ukae, asidi amino moja ya protini lazima igeuke kidogo kuupisha. Badiliko moja tu, H275Y, linazuia kugeuka huko. Mkasi unaendelea kukata sukari, dawa inakosa pa kukaa. Wengi waliamini kirusi chenye badiliko hilo kitakuwa dhaifu kisiweze kuenea. Januari 2008 Norway, nchi ambayo haikuwa ikitumia sana dawa hii, ikatoa taarifa kwamba kimeenea. Msimu uliofuata, karibu H1N1 zote za msimu katika nchi nyingi zilikuwa sugu. Mabadiliko mengine ndani ya protini hiyohiyo yalikuwa yamefidia udhaifu. Kilichoziondoa si dawa mpya; ni H1N1 nyingine, ile ya 2009, iliyozisukuma nje. Zanamiviri, kwa kufanana na sukari, iliendelea kufanya kazi. Hili lingetosha kuwa somo zima la ubunifu wa dawa, na sisi tunalipita kwa sekunde kumi.

Mwaka jana nilionyesha slaidi ile kwenye semina, nikaongeza namba za 2014. Mwanafunzi mmoja akauliza, "Kama virusi vimezibwa, mbona bado anaumwa siku sita?"

Nilimjibu kwa baloksaviri, dawa iliyoidhinishwa Japani mwaka 2018. Hii haigusi neuraminidesi. Inalenga PA, protini inayokata vichwa vya jumbe za RNA za seli yetu ili kirusi kivitumie kuanzishia jumbe zake. Katika jaribio lake kubwa, virusi vilipungua haraka kuliko kwa oseltamiviri, dozi moja tu. Muda wa dalili? Saa 53.7, dhidi ya 80.2 kwa waliopewa kidonge kisicho na dawa. Kwa oseltamiviri muda ulikuwa karibu uleule wa 53.7. Na karibu mmoja kati ya kumi waliopewa baloksaviri walikutwa na virusi vilivyobadilika kwenye PA, ambavyo dawa inavishika kwa shida.

Homa, maumivu ya viungo na uchovu kwa sehemu kubwa ni kinga yetu wenyewe ikipigana, na unapoanza kuzisikia virusi vimekaribia kilele au vimeshakifika. Ndiyo maana maelekezo ya dawa yanataka uianze ndani ya saa 48. Mwanafunzi yule akauliza tena ni nani kwetu anayefika hospitali ndani ya saa 48 kwa ajili ya mafua, darasa zima likacheka, nami sikuwa na slaidi ya hilo.