Pongezi kwa wakurugenzi wa kike wa shule za Uvira

Tangu Septemba 2019, serikali ya Kongo ilipoanza kutekeleza elimu ya msingi bila malipo, haki iliyokwisha kuandikwa katika Katiba ya 2006, madarasa ya Uvira, mji ulio kando ya ziwa, yamejaa watoto pomoni. Katika hali hiyo, mkurugenzi anayestahili sifa ni yule mama anayeacha makaratasi ya ofisini, akaketi kwenye dawati la nyuma mwalimu akifundisha, kisha akamwuliza faraghani: yule mtoto wa pembeni ameelewa nini? Siku nyingine hushika chaki mwenyewe, akafundisha somo la mfano huku walimu wakimtazama na kumkosoa. Hapo ndipo ufundishaji unapobadilika, kwa sababu mwalimu huiga anachokiona kuliko anachoagizwa.

Wapo wasemao kwamba mbinu za kufundishia ni anasa pale mishahara inapochelewa, tena katika mji uliopigwa na mafuriko ya mto Mulongwe Aprili 2020. Kudai mshahara ni haki, nami naiunga mkono kabisa. Lakini mtoto wa darasa la kwanza hangoji. Kumfafanulia hesabu kwa Kiswahili, kwa vifuniko vya chupa na kokoto za ziwani, hakuhitaji bajeti. Wazazi wa Uvira, mkimpata mkurugenzi wa namna hii, mlindeni.